Mkeka, kabati la jua, moshi au umeme: pilipili zako uzikaushe vipi, uziweke wapi?

Mwezi wa kwanza, huku Walukuba, Jinja, kando ya Ziwa Victoria, mti mmoja wa kamulali, yaani pilipili kichaa, nyuma ya nyumba unaweza kukushinda kuchuma. Unapikia, unawagawia majirani, unampelekea mama mkwe, na bado ndoo imejaa. Ukifika mwezi wa nne mvua imeshika, mti umebaki majani, na sokoni kifungu kidogo kinauzwa kwa bei ya kukera. Hapo ndipo kila mtu huapa kwamba msimu ujao atakausha. Msimu ukija, anasimama uani na ndoo yake akijiuliza: aanike kwenye mkeka kama bibi yake, aning'inize juu ya jiko, amwite seremala amtengenezee kabati la jua, au anunue ile mashine ya umeme aliyoiona kwenye simu?

Mimi nimepitia zote nne. Mwaka wa kwanza nilianika kwenye mkeka siku tatu, nikaona ngozi zimekunjamana, nikazimimina kwenye jerikeni ya lita 5 na kukaza kifuniko. Nilipofungua baada ya mwezi, harufu iliyonipiga ilikuwa ya sanduku la nguo lililovujiwa na mvua. Ndani kulikuwa na utando mweupe kama pamba. Nilimwaga zote, na mke wangu hakusema kitu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Tangu hapo nimeamini kwamba pilipili nyingi haziharibikii juani, zinaharibikia kwenye chombo. Ndiyo maana nalinganisha kukausha na kuhifadhi pamoja.

Vipimo kwanza

Kipimo cha kwanza ni jua la mfululizo. Jua kali la saa mbili halitoshi. Hesabu ni siku ngapi unaweza kuamka ukiwa na hakika kwamba leo hainyeshi. Kusini mwa Uganda na huku kando ya ziwa mvua huja mara mbili kwa mwaka: mwezi wa 3 hadi wa 5, kisha wa 9 hadi wa 11, na mara nyingine huvuka hadi wa 12. Kaskazini, Gulu na Kitgum, ni msimu mmoja mrefu wa mvua, halafu ukavu wa kupasua midomo kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa 3. Dada yangu mkubwa anaishi Kasese, chini ya Rwenzori, ambako nguo ukizianika asubuhi unazianua kabla ya chai ya saa nne. Shemeji yangu yuko Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako saa nne hiyo hiyo ukungu ndio kwanza unaanza kupanda. Ushauri unaomfaa mmoja utamwozeshea mwenzake.

Cha pili ni pilipili yenyewe. Kamulali, au pilipili kichaa, ni ndogo na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo hukauka nzima. Pilipili mbuzi ni nene na zimejaa maji. Ukizianika nzima zitakuoneshea mng'ao nje huku ndani zinaoza. Zipasue katikati. Zile ndefu nyekundu ziko kati ya hizo mbili. Hoho ni maji matupu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake, kwa hiyo usishangae kilo 10 zikikupa kitu kisichojaza Tumpeco chache, vile vikombe vya plastiki vya kupimia. Kwa makadirio ya jikoni kwangu, kilo 4 za kamulali zilizoiva hunipa kilo 1 kavu. Za mbuzi huhitajika 8 au 9.

Halafu kuna fedha ya kuanzia, kuna swali la nani yuko nyumbani mchana, kuna usafi, na mwishoni rangi na ladha. Hiyo ya mwisho watu huidharau. Kama pilipili ni za kutia kwenye maharage, rangi ikififia hakuna atakayelalamika. Kama unataka kuuza unga mwekundu kwenye chupa, mteja hununua kwa macho kwanza.

Maandalizi ni yale yale kwa njia zote. Chuma zilizoiva kabisa. Za kijani hukauka zikawa na rangi ya majani ya chai, na hazina utamu. Tenga zilizotobolewa na wadudu. Osha, tandaza hadi maji ya juu yaishe, acha vikonyo kwenye zile unazokausha nzima. Kabla ya kupasua, vaa kaveera (mfuko wa plastiki) mikononi au paka mafuta ya kupikia. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo aliyechelewa kujikinga ajipake mafuta kwanza, ndipo aoshe kwa sabuni. Na afanye hivyo kabla ya kwenda chooni. Sitaeleza zaidi.

Mkeka au turubai juani

Fedha: karibu bure. Mkeka, turubai au gunia safi lililofumuliwa vinatosha, ingawa mimi napenda kuuinua mkeka juu ya kitanda cha miti ili upepo upite chini. Hilo peke yake huokoa siku moja au mbili.

Jua: kamulali nzima zinahitaji siku 5 hadi 8 za jua zuri, mbuzi zilizopasuliwa nazo karibu hapo. Mvua ikikukatiza siku ya tatu umerudi nyuma, na zikilala mbichimbichi ndani ya nyumba usiku mbili, ukungu unaanza.

Uangalizi ndio gharama halisi ya mkeka. Unazigeuza angalau mara mbili kwa siku, na jioni unaziingiza kabla ya umande, kwa sababu pilipili iliyokauka nusu hunyonya unyevu usiku kama sifongo. Halafu kuna kuku. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hudhani kuku wataogopa ukali. Hawauhisi. Ndege hawana kile kinachotufanya sisi tulie machozi, na ndiyo sababu unaikuta kamulali imeota kichakani ambako hakuna mkono uliopanda: ndege alikula tunda, akaenda kuziacha mbegu kwingine. Kuku wa jirani yangu Hajati walikula kikapu kizima cha mbuzi nilizopasua, wakaendelea na shughuli zao.

Kwa usafi, mkeka ndio wa mwisho. Vumbi la barabara, nzi, mbuzi wa miguu minne, na huku kwetu sami, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi na kujibandika kwenye kila chenye unyevu. Nilijaribu kukimbilia juu ya mabati. Pilipili zilikauka haraka, kweli, lakini zilizogusa bati ziliungua upande mmoja, na kalooli, wale ndege wakubwa wa majalalani, wakaona nimewaandalia uwanja. Aliyewahi kuona kinyesi cha kalooli hahitaji maelezo.

Rangi: jua la moja kwa moja hufifisha wekundu, hasa ukizidisha siku. Ukali unabaki.

Njia hii inamfaa mtu wa Kasese, au wa Gulu mwezi wa kwanza, mwenye uga uliozungushiwa uzio na mtu wa kukaa nyumbani. Dada yangu hajawahi kutumia kitu kingine, na sioni kwa nini abadilishe.

Kabati la jua

Hili ni sanduku la mbao lenye miguu, ndani lina trei za wavu, juu limefunikwa plastiki angavu. Hewa baridi huingia kwa matundu ya chini, inapashwa joto na jua, inapita kwenye pilipili na kutoka juu ikiwa imebeba unyevu. Si kitu kigeni hapa. Watafiti wa Kawanda, kaskazini ya Kampala, walishatengeneza muundo wao wa kabati kwa ajili ya wakulima wadogo, na hapa ng'ambo ya Mto Nile, Njeru, mananasi na ndizi zilizokaushwa kwa jua zimekuwa zikiandaliwa kwa soko la Ulaya tangu miaka ya 1990. Kinachokausha nanasi kinakausha pilipili bila shida.

Jua: hapa ndipo linaposhinda mkeka kwa sisi wa kando ya ziwa. Siku ya jua ndani hufika nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na hiyo ndiyo joto ambalo pilipili inapenda. Mbuzi zilizopasuliwa huchukua siku 2 au 3, kamulali nzima 4 hadi 6. Siku ya mawingu kazi hupungua mwendo lakini haisimami, na manyunyu ya ghafla hayakutoi mbio kanisani au msikitini.

Fedha: unalipa mbao, wavu, plastiki na siku moja au mbili za seremala. Usibane senti kwenye plastiki. Niliweka ile laini ya kufunikia magodoro, ikapasuka kabla ya mwaka kuisha. Plastiki ya grinihausi, iliyotengenezwa kustahimili jua, inadumu misimu kadhaa. Kwa wavu, tumia wa plastiki au kipande cha chandarua ambacho hakijatiwa dawa. Wavu wa chuma hupata kutu, na kutu hiyo inahamia kwenye chakula. Kabati la mita 1 kwa 2 linabeba kama kilo 8 hadi 10 mbichi zikitandazwa safu moja. Safu moja, nasisitiza. Ukirundika, umetengeneza chungu cha kuchemshia.

Uangalizi ni mdogo: geuza mara moja kwa siku, badilisha trei ya chini iende juu, ziba matundu usiku. Kosa la kawaida ni la mchana, mtu anaziba matundu akidhani anahifadhi joto. Plastiki inatoa jasho, matone yanadondoka juu ya pilipili, na kesho yake zina harufu ya mboga iliyolala. Unyevu lazima upewe mlango wa kutokea.

Usafi ni mzuri: hakuna nzi, hakuna kuku, hakuna sami. Rangi hubaki vizuri kuliko kwenye mkeka. Ukitaka ibaki zaidi, tandaza kitambaa cheusi chepesi juu ya trei ya kwanza ili jua lisizipige usoni. Ladha haibadiliki.

Linamfaa anayekausha kila msimu, au familia mbili tatu zinazochangia moja. Kwa mtu mwenye miti miwili na kikapu kimoja kwa mwaka, fedha hiyo ingenunua pilipili za kutosha hadi mjukuu aoe.

Juu ya jiko, kwenye moshi

Njia hii hudharauliwa na wanaoishi mahali penye jua. Kabale shemeji yangu anafunga kamulali kwa vikonyo kwenye uzi, mafungu kama ya shanga, anayaning'iniza juu ya mafiga kwenye jiko la nje. Haangalii mawingu hata siku moja.

Muda ni mrefu, wiki 2 hadi 4, lakini si muda wako: moto unawaka kwa ajili ya viazi na maharage, pilipili zinafaidi joto la bure. Fedha hakuna. Uangalizi hakuna, ila usining'inize chini sana, kwa sababu pilipili ikidondoka kwenye moto nyumba nzima itatoka nje ikikohoa. Urefu wa mtu mzima juu ya moto unatosha.

Usafi una pande mbili. Moshi hufukuza nzi na vidudu, na mafungu huweza kukaa pale pale miezi kadhaa yakiwa yamehifadhika. Lakini masizi yanashika, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa kibichi kidogo kabla ya kusaga, na usitumie kuni zilizopakwa rangi au dawa. Ladha inageuka, inakuwa ya moshi. Wapo wanaoitafuta hiyo ladha kwa supu ya mbuzi na samaki; wapo wanaosema chakula kinanuka jiko. Mimi ni wa kundi la kwanza, mke wangu ni wa kundi la pili, na chupa zetu ni mbili. Rangi huwa nyekundu iliyoiva mno, karibu nyeusi. Na mbuzi hazifai hapa. Ni nene mno, zinaoza kwenye uzi kabla hazijakauka.

Neno kwa wa mjini: sigiri ya mkaa si mafiga. Moshi wake ni mdogo na joto lake linakwisha haraka. Usije ukawasha sigiri ndani ya chumba kilichofungwa ili kukaushia pilipili usiku kucha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka watu hulala nayo wasiamke.

Umeme: oveni au mashine ya kukaushia

Oveni nyingi za nyumbani hazishuki chini ya nyuzi 70 au 80, na hapo pilipili huungua kingo kabla ya kukauka katikati. Wanaofaulu huacha mlango wazi kidogo kwa mwiko na kukaa karibu. Ladha huwa ya kukaangwa. Kwa kumalizia pilipili zilizobaki na unyevu kidogo, nusu saa ya oveni inasaidia. Kwa kuanzia, hapana.

Mashine yenyewe ya kukaushia, ile ya trei zilizopangana na feni, ni habari nyingine. Unaweka nyuzi 55, mbuzi zilizopasuliwa zinakauka kwa saa 8 hadi 12, kamulali nzima zinaweza kufika saa 24 au zaidi, kwa hiyo hata hizo ni bora uzichane. Jua halihusiki. Uangalizi ni mdogo. Usafi na rangi havina mshindani, nyekundu hutoka nyekundu.

Bei ndiyo inayouma, kwanza ya kununua, kisha ya Yaka, umeme wa kulipia kabla. Mashine ya wati 500 ikiwaka saa 10 inakula yuniti 5, na trei zake kwa kawaida hazibebi zaidi ya kilo 2 au 3 mbichi. Piga hesabu ya yuniti zako mwenyewe, halafu linganisha na bei ya pilipili kavu sokoni. Na umeme ukikatika usiku wa manane, trei zinabaki zimefunikwa na joto la vuguvugu, hali ambayo ukungu huiomba. Bwawa la umeme la Nalubaale lilifunguliwa mwaka 1954, liko hapa hapa Jinja, nikitembea nalifikia. Bado huwa nalala na tochi kando ya mto wa kulalia.

Inamfaa anayekaa fleti ya Kampala bila uga, anayetaka kidogo kilicho bora, au mtu anayeuza chupa ndogo za bei nzuri na kazi yake haiwezi kungoja mvua.

Zimekauka, au zimekunjamana tu?

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Pilipili iliyokauka inakatika kwa mlio ukiikunja. Ikijikunja kama ngozi ya mkanda, bado. Itikise karibu na sikio: mbegu zinagonga. Kata moja nene kuliko zote, bana ndani kwa kidole, pasiwe na ubaridi wala kunata. Usipime kwa ile ndogo iliyokauka kwanza, ipime kwa ile kaidi.

Kisha zijaribu kwenye chupa. Jaza chupa ya kioo robo tatu, funga, iweke mezani wiki moja, itikise kila siku. Ukiona mvuke au tone lolote kwenye kioo, zirudishe juani siku hiyo hiyo. Zile zilizokauka sana zitagawana ukavu na zile zilizobaki nyuma, na wiki ikiisha bila jasho, ndipo uhifadhi kwa muda mrefu. Wiki hii inachosha, najua. Lakini ukungu unaoota kwenye vyakula vilivyokaushwa vibaya unaweza kutoa sumukuvu, ile ile inayozungumzwa kila siku kwa mahindi na karanga zetu, na sumu hiyo haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Chupa yenye ukungu hutupwa yote, huchagui zilizo nzuri.

Zikae kwenye nini?

*Chupa ya kioo, pilipili nzima.* Chupa za jamu zilizooshwa na kukaushwa kabisa hazigharimu kitu. Unyevu hauingii, wadudu hawapenyi, na ukiziweka kwenye kabati lenye giza rangi inakaa mwaka mzima. Zikikaa dirishani zinapendeza kwa mwezi mmoja, kisha zinapauka. Ubaya wake ni nafasi: pilipili nzima ni hewa tupu, kilo moja inajaza rafu.

*Unga.* Unabana nafasi na uko tayari kwa mpishi, ila harufu yake inatoroka upesi. Mimi nausaga wa miezi 3 tu, zilizobaki zinangoja nzima. Saga nje, upepo ukiwa mgongoni, kitambaa puani, kwa kinu na mchi au blenda. Usifikirie mashine ya posho. Mwenye mashine akikubali, ni kwa sababu hajakuelewa, na atakayesaga mahindi baada yako atamlisha mtoto uji wa moto.

*Kaveera, gunia, kikapu.* Kikapu na gunia vinapumua. Kasese hilo si tatizo kwa miezi michache, Jinja na Entebbe pilipili zinalainika ndani ya wiki mbili. Kaveera laini huchelewesha tu unyevu, na vidudu vidogo vya kahawia vinavyopenda viungo huitoboa. Kwa wingi wa kilo 20 na kuendelea, mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye matabaka kadhaa, isiyopitisha hewa, inafaa, mradi ufunge kila tabaka peke yake.

*Friza.* Ina kazi mbili. Pilipili kavu ukizifunga na kuziweka humo siku 4 au zaidi, mayai ya vidudu hufa. Zitoe, ziache zifike joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo zitaloa kwa umande. Kazi ya pili watu huisahau: pilipili mbichi zinaingia friza bila kukaushwa hata kidogo. Zikitoka zimelegea, kwa kachumbari hazifai, kwa mchuzi hakuna atakayejua. Mwenye hoho nyingi na friza, kwa maoni yangu, asisumbuke na jua hata kidogo. Ila aombe umeme usikatike siku mbili.

*Siki na mafuta.* Achari ya siki ni salama na inapokea hata za kijani. Soma lebo, asidi iwe angalau asilimia 5, na pilipili zizame zote. Mafuta yanahitaji tahadhari. Pilipili mbichi au kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikikaa kwenye joto la chumba, kinaweza kuotesha kijidudu cha botulini, ambacho hakibadilishi harufu wala ladha na kinaweza kuua. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache. Kwa mafuta ya kukaa, tumia pilipili zilizokauka kabisa, peke yake.

Kwa hali yako

Uko Kasese, Gulu au Moroto, ni mwezi wa kwanza, na kuna mtu nyumbani: mkeka ulioinuliwa, kamulali nzima, kisha chupa. Usinunue kitu.

Uko kando ya ziwa, una miti kumi au unanunua kwa ndoo msimu wa bei rahisi: changia kabati na jirani. Katika miezi ya mvua litafaa kwa uyoga na majani ya kunde, kwa hiyo halikai bure.

Uko Kabale au Kapchorwa na unapikia kuni: uzi na moto ulionao. Kama hupendi harufu ya moshi, kausha juu ya jiko hadi zikaribie kukatika, malizia kwa siku moja ya jua au nusu saa ya oveni.

Unakaa fleti, una kikapu kimoja cha mbuzi ulizoletewa kutoka kijijini: sahau kukausha. Nusu iende friza, nusu iende siki, jioni moja kazi imekwisha.

Unataka kuuza: kabati au mashine ya umeme, na hapo chagua kwa wingi wako. Chini ya kilo 3 mbichi kwa wiki, mashine inatosha. Zaidi ya hapo, Yaka itakula faida. Ujaribu kwa chupa chache kwanza, zikae mwezi mzima kwenye kabati lako ndipo uzipeleke dukani.

Na kama mvua imekukuta na pilipili zilizokauka nusu, usizifunge popote. Zitandaze kwenye ungo juu ya jiko linalowaka, au zitie friza kama zilivyo hadi jua lirudi. Friza inakungojea. Jerikeni haingoji, mimi nimeshaiuliza.